Mbuzi wa Radhi

Kabla hatujahamia kwao, mume wangu alinieleza mambo mengi. Alinieleza baridi, akaninunulia sweta mbili pale Masasi, mji ambao muuza sweta ni wa kutafuta kwa tochi. Alinieleza kwamba huko chakula ni ndizi, na kwamba nikiulizia ugali mbele ya wageni nitaonekana natangaza njaa ya nyumba. Alinieleza ukungu wa asubuhi, kahawa inayotafunwa kama karanga, na mama yake, ambaye alisema ni mtu wa maneno machache. Magoti hakuyataja.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini, alijibu, "Nilisahau." Miaka imepita na neno hilo bado linanichoma. Alikuwa anasema kweli, na hapo ndipo penye ubaya wenyewe. Alisahau kwa sababu lilikuwa halimhusu. Magoti yake hayajawahi kugusa sakafu ya mtu, labda kanisani tu. Angekumbuka vipi?

Tulifika Kanoni, kijijini kwao, alasiri, siku ya tatu ya safari, binti yetu mchanga mgongoni mwangu na miguu imenivimba kwa kukaa kwenye basi. Mimi ni muuguzi. Nilikuwa nimeomba uhamisho wa kumfuata mwenza, maana baba mkwe alikuwa amefariki na mume wangu ndiye mtoto wa kwanza wa kiume. Kibanja kilikuwa kinamsubiri, yaani lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, na kaburi la baba yake likiwa humo humo ndani. Uani walikuwa wameketi mama mkwe, wifi zangu wawili, shemeji yangu mdogo, na baba mkubwa, kaka wa marehemu, aliyetoka Kituntu kuja kutupokea. Nikaenda moja kwa moja kwa yule mzee, nikainama kidogo kama nilivyofundishwa kwetu, nikanyoosha mkono.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Hakuitikia. Alinitazama usoni, akashuka akanitazama magoti, kisha akamtazama mume wangu. Mkono wangu ukabaki pale pale ulipo, haujui urudi au uendelee. Wifi mmoja akakohoa. Mume wangu akasema maneno ya haraka haraka kwa Kinyambo, lugha yao, watu wakacheka kidogo, na mzee akasema, "Marahaba, karibu," bila kuugusa ule mkono.

Usiku ule nilimuuliza amesema nini. "Nimewaambia wakusamehe, unatoka mbali, huko hawajui kitu."

Hawajui kitu! Mimi niliyelelewa na bibi ambaye wajomba zangu watu wazima walikuwa hawakati shauri la ukoo mpaka awe ameketi. Kwetu mtoto huhesabiwa upande wa mama, na mwanamke akisimama kusema, watu hunyamaza. Nilitoka kwenye nyumba hiyo nikapanda mabasi siku tatu ili nije niombewe msamaha kwa kutojua kitu.

Hata hivyo nataka ieleweke kwamba sikwenda kupigana. Nilijifunza. Nilijifunza kumenya ndizi mbichi bila kukata kidole, na kupaka mafuta mikononi kwanza ili utomvu usinigande nikaonekana kama fundi gereji. Nilijifunza kufunika chungu kwa majani ya mgomba na kuacha ndizi na maharage viive vyenyewe bila kuchungulia kila dakika. Nilijifunza kwamba jirani akifiwa, hakuna mtu wa kushika jembe mpaka maziko yapite, hata kama mvua imenyesha na mbegu zinaoza. Lugha nayo niliifukuzia neno kwa neno, nikiandika kwenye daftari la kliniki.

Na nilipiga magoti. Wifi yangu mkubwa ndiye aliyenionyesha, siku ya pili, jikoni, kwa upole kabisa. Mzee, magoti. Mama mkwe, magoti. Ukimpa mwanamume chakula au maji, magoti. Nikasema sawa. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho.

Kwa mama mkwe sitasema uongo, nilikuja kupenda. Kila asubuhi nilipiga magoti mbele ya kigoda chake, naye akanishika mikono yote miwili akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: umelalaje, mtoto amelalaje, nyumba imelalaje, mama yako huko mbali amelalaje. Hajawahi kumwona mama yangu, lakini hakumruka hata siku moja. Alikuwa ananiita mukamwana, yaani mke wa mwanawe, na kwa sauti yake neno hilo lilikuwa na joto. Nikiwa pale chini nyuso zetu zilikuwa karibu, nikaona kwamba macho yake yana mtoto wa jicho unaoanza, nikampeleka kupimwa.

Kwa shemeji ndipo nilipokwama.

Shemeji yangu ni kitinda mimba wa nyumba ile. Wakati ule alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mzima wa afya, anaamka jua limeshakausha umande. Mila zote za baba yake zilikuwa zimemponyoka. Ya kuamka alfajiri kupunguza machipukizi ya migomba haijui. Ya kutandaza nyasi kibanjani haijui. Ya kumtekea maji mama yake haijui. Mila moja tu aliishika kwa mikono miwili, ile ya mimi kumpigia magoti.

Siku moja nilitoka zamu, nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, nimezalisha wanawake wawili. Nikapika, nikapakua, nikampelekea sahani yake barazani. Alikuwa kwenye kiti, anatazama simu. Nikamnyooshea sahani. Hakuipokea. Akanyoosha kidole, bila kuinua macho, akaonyesha chini.

"Shemeji, chakula hiki hapa," nikasema.

"Nakiona. Kwenu hawafundishi?"

Nikaiweka sahani kwenye ukuta wa baraza, nikaingia ndani.  Methali inasema ufumbe jicho moja. Haikusema ufumbe na la pili halafu uongozwe na mtoto uliyemzidi miaka tisa.

Jioni mume wangu akaja na sauti ya kubembeleza. "Mama mtoto, hilo ni jambo dogo. Unapiga tu, sekunde mbili, yamekwisha."

"Kama ni sekunde mbili, kampigie wewe."

Akacheka, akidhani natania. Kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu, mzaliwa wa hapo hapo, mkewe alikuwa anampa chai wakiwa wamekaa viti viwili vinavyofanana. Tulikuwa tunawaona kila siku kupitia kwenye migomba. Nikamwonyesha. Akasema, "Wale wameshakuwa watu wa mjini." Mjini gani? Hawajawahi kuhama Kanoni.

Basi nilikuwa nimejaa hasira hizo, na najiona mwenye haki kila upande, mpaka siku ya kliniki ya wajawazito.

Zahanati yetu ilikuwa na chumba kimoja cha kupimia, meza, mizani, na benchi ndefu nje. Akina mama waliingia mmoja mmoja. Kila aliyeingia alipiga magoti kwanza kwenye sementi, akasalimia, ndipo akanipa kadi. Na mimi, nisikilizeni vizuri, nilikuwa naitikia "marahaba" nikiwa naandika. Miezi mingi nilikuwa naitikia hivyo. Wengine walikuwa wamenizidi umri. Haikunipitia akilini hata mara moja kwamba haya ni magoti yale yale.

Siku hiyo akaingia mwanamke mwenye mimba ya miezi minane, miguu imevimba, viatu kavishika mkononi kwa sababu haviingii. Akashika ukingo wa meza, akaanza kushuka taratibu, goti moja, kisha la pili. Foleni ilikuwa ndefu. Nikasema kwa ukali, "Inuka bwana, unachelewesha wenzako."

Akanitazama kutoka kule chini. "Nikikusalimu nimesimama, utanihudumia?"

Hakuwa ananikejeli. Alikuwa anauliza. Mwenzangu wa zamu, aliyekuwa anahesabu vidonge kwenye kona, akasema bila kugeuka, "Mara ya kwanza alikuja kwangu anasalimia amesimama kama askari. Nilimrudisha akajifunze adabu."

Nilimpima presha, ilikuwa juu kiasi cha kutisha. Alisema kichwa kilikuwa kinamuuma tangu wiki iliyopita, lakini hakuthubutu kuja tena kabla ya tarehe ya kadi, asije akafukuzwa. Tukamtafutia gari, akapelekwa hospitali, akajifungua salama kwa upasuaji. Hiyo ni bahati yake na ya mtoto wake. Sisi hatukustahili bahati hiyo.

Nilimwambia mwenzangu maneno ambayo sitayaandika hapa. Naye akaniambia kwamba nimekuja juzi na tayari nawaharibu watu. Tangu siku hiyo nikawa natoka nje asubuhi kusema kwenye benchi: hapa ndani tunasalimiana tumekaa, kiti kipo, mtu asishuke chini. Wengi walitii kwa mashaka. Wengine walipiga magoti hivyo hivyo, kwa haraka, kama mtu anayeficha kitu. Nikajua kwamba hofu hiyo na mimi nilikuwa nimeipalilia.

Ulipotimia mwaka wa msiba, ukoo ulikutana nyumbani kwetu kumaliza matanga na kumkalisha mume wangu kwenye kiti cha baba yake. Walitoka Kituntu, wengine Songambele kule Kyerwa, uani pakajaa. Wazee walikaa kwenye viti kivulini mwa nyumba, pombe ya ndizi mbele yao. Sisi wanawake tulikuwa tunaingia na kutoka jikoni tangu alfajiri.

Mama mkwe ndiye aliyepaswa kumpa baba mkubwa kikombe cha kwanza. Alikuwa mjane wa nyumba na mwenyeji wa siku. Akakichukua kwa mikono miwili, akaenda mbele ya shemeji yake, akapiga magoti. Akatoa kikombe, kikapokelewa. Halafu akataka kuinuka, magoti yakakataa.

Alijaribu mara ya kwanza, akarudi chini. Akajaribu tena kwa kushika nyasi zilizotandazwa pale, kana kwamba nyasi zitambeba. Wanaume walikuwa wameketi kumzunguka, wanawe wawili wakiwemo. Hakuna aliyenyanyuka. Baba mkubwa alikunywa, akajipangusa mdomo, akatazama pembeni kwa adabu, kama mtu anavyotazama pembeni mwenzake akijikwaa. Mume wangu alikuwa kwenye kiti cha baba yake. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi.

Nilikuwa nimebeba sinia la ndizi na nyama. Nikaliweka chini. Nikapita katikati ya wazee, nikampitisha mama mkwe mikono kwapani kama tunavyowainua wagonjwa, nikamsimamisha, nikamkalisha kwenye kiti kilichokuwa kitupu, kiti cha mwanamume. Kisha nikalichukua sinia langu nikaanza kugawa chakula nikiwa nimesimama wima. Baba mkubwa, nimesimama. Wazee wa Songambele, nimesimama. Nilipofika kwa shemeji, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Leo hata wazee?"

"Leo hata wazee," nikamjibu. "Mama yenu ameshindwa kuinuka mbele yenu, na wote mna miguu."

Kelele zilizofuata zilikuwa za Kinyambo. Nilikamata nusu. Nilikamata neno omunyamahanga, mtu wa kuja, mara nyingi kuliko nilivyotaka. Nikawaambia, kama mnanisema, nisemeni kwa lugha ninayoisikia vizuri. Baba mkubwa akanyoosha mkono, pakawa kimya.

"Hapa si kwenu," akasema kwa Kiswahili. "Kwenu mtafanya mnavyofanya. Hapa utaleta mbuzi, uombe radhi kwa wazee, yaishe."

"Sitaleta."

Nikamwangalia mume wangu. Ndiyo kwanza alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha mwenye nyumba. Alikuwa anachezea kitambaa cha mezani.

Na mama mkwe? Nilidhani angalau yeye. Alinijia jikoni baadaye, uso umemkaza. "Umeniaibisha. Kuninyanyua mbele za watu kama mzigo." Akaongeza kwamba yeye alipoolewa aliwapigia magoti wadogo wote wa kiume wa mumewe, hata yule aliyekuwa bado ananyonya. Nilitaka kumuuliza kama hilo ni jambo la kujivunia. Badala yake nikamvutia kigoda akae.

Zikapita wiki kadhaa. Nyumba ilikuwa ya baridi, na safari hii sweta hazikusaidia. Kisha Jumapili moja, baada ya misa, wifi yangu mkubwa akanishika mkono nje ya kanisa. Alikuwa anatabasamu.

"Umefanya vizuri, wifi. Kuomba radhi hakumpunguzii mtu kitu."

"Radhi gani?"

"Si yule mbuzi? Baba mkubwa ametuambia. Mumeo alimpeleka, akasema wewe unaona aibu kuja mwenyewe ila umetubu."

Nilisimama pale uwanjani, watu wakinipita na kuniamkia kwa uchangamfu ambao sikuwa nimeuona tangu yale matanga. Wote walikuwa wameshasikia. Nilikuwa nimesamehewa na kata nzima kwa kosa nisilolikiri, kwa maneno ambayo hayakutoka kinywani mwangu. Bora wangeendelea kuninunia! Kununiwa kulikuwa kwangu, nilikuwa nimekuchuma kwa haki.

Sikurudi nyumbani. Nilimfunga mtoto mgongoni, nikachukua bodaboda mpaka Kituntu.

Baba mkubwa alikuwa amekaa mlangoni mwake, anachambua kahawa iliyoanikwa kwenye turubai. Nikamwamkia nimesimama, akaitikia, akanionyesha kiti. Mkewe akatuletea kahawa za kutafuna kwenye kisahani.

"Nimekuja kwa ajili ya yule mbuzi," nikasema.

"Tulishamla. Alikuwa mnono."

"Sikumtuma mtu. Sikuomba radhi na siombi."

"Najua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi njia nzima. Neno hilo moja likaumaliza kabla haujaanza.

"Mtu anayeomba radhi huja na miguu yake," akasema. "Mumeo alikuja peke yake, macho chini. Nikajua."

"Sasa ulimpokea wa nini?"

"Ni mtoto wa mdogo wangu. Nikimkataa mbuzi, nimemkataa yeye. Ukoo utasema tumemkalisha kwenye kiti mtu asiyeiweza nyumba yake. Nimemla mbuzi, maneno yamekwisha."

"Yamekwisha kwenu. Mimi kila ninapopita napongezwa kwa kutubu."

Akatafuna kahawa yake taratibu. "Wewe una mdomo."

"Ninao."

"Hata mama mkwe wako alikuwa nao, alipoletwa. Mdomo mkali kuliko wako."

"Ukaenda wapi?"

 Aliendelea kuchambua kahawa, mbovu kushoto, nzuri kulia. Mkewe, aliyekuwa amepiga magoti pembeni akisubiri kisahani, aliinua uso akanitazama, mara moja tu, akauinamisha. Niliaga nikaondoka. Mpaka leo sijui kama yule mzee alinipa heshima kwa kuniambia ukweli, au alinidharau kiasi cha kuona hakuna haja ya kunidanganya.

Mume wangu nilimkuta chumbani. Hakukana. Alisema alifanya hivyo ili nipate amani.

"Umeniombea radhi bila kuniuliza," nikamwambia. "Kairudishe."

"Nitairudishaje? Mbuzi ameliwa."

"Maneno hayajaliwa. Utayasema hapa, mbele ya mama yako na ndugu zako."

Ilimchukua wiki. Nilihesabu kila siku, na kila siku nilijiuliza kama kituo changu cha kazi kule Masasi kingenipokea tena. Jumapili iliyofuata, wifi zangu walipokuja kula, aliweka kijiko chini akasema kwa Kinyambo, kisha akarudia kwa Kiswahili akinitazama mimi: "Mke wangu hakuomba radhi. Yule mbuzi nilimpeleka mwenyewe. Nilidanganya."

Shemeji akacheka. "Kwa hiyo umeshatawaliwa."

"Kula ndizi zako," mume wangu akamwambia. Lilikuwa jambo dogo, lakini sikuwa nimewahi kumsikia akimwambia mdogo wake neno lenye makali.

Mama mkwe, aliyedhani kama wengine kwamba mbuzi nilimnunua mimi, aliacha kula. Alikuwa anamkodolea macho mwanawe mkubwa. "Mbuzi gani?"

Mume wangu akakichukua tena kijiko chake.

"Mbuzi gani? Yule wangu mwenye doa? Si uliniambia amekata kamba?" Sauti ikampanda. "Nimemtafuta siku mbili! Nimeshuka mpaka bondeni, na magoti haya! Nimewatukana majirani bure!"

Akaendelea kwa Kinyambo, na hapo hata nusu sikukamata, ila nilielewa yote. Mume wangu aliinamisha kichwa kama mtoto wa darasa la pili. Nami, Mungu anisamehe, katika hasira zangu zote nilichukua kipande cha ndizi nikala kwa utamu ambao sikuwa nimeusikia kwa miezi mingi.

Siku chache baadaye mama mkwe alikuja zahanati. Alikataa kupitishwa mbele, akakaa kwenye foleni na kitenge chake cha kanisani. Tabibu alimkagua, akamwambia magoti yamelika, asiyakunje, asiyapige chini tena, akae kwenye kiti. Akamwandikia dawa za maumivu. Mama mkwe akaipokea karatasi, akaigeuza, akanipa.

"Nisomee. Hilo la kukatazwa limeandikwa wapi?"

"Hapa ni dawa tu, mama. Hilo amekuambia kwa mdomo."

"Aandike. Na muhuri agonge."

Tabibu akaandika, akagonga muhuri. Mama mkwe akaikunja mara nne, akaitia kifuani. Mwezi uliofuata palikuwa na sherehe ya kipaimara kule Kituntu. Nilikuwepo. Alifika mbele ya baba mkubwa, akabaki amesimama, akampa karatasi. Mzee akavaa miwani, akaisoma, akairudia. "Daktari amekataza," akawatangazia watu, akaagiza aletewe kiti. Hakuna aliyeguna, wala hakuna aliyedai mbuzi.

Nilipaswa kufurahi. Nilimshika mkono mama mkwe, naye akaubana wangu, na hilo lilinifurahisha. Lakini njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaka. Miaka yote hiyo amezaa, amelima, amemuuguza mume, amezika, na kilichompa ruhusa ya kusimama wima mbele ya shemeji yake ni ugonjwa. Neno lake halikutosha. Langu halikutosha. Muhuri ukatosha.

Shemeji sasa anajipakulia mwenyewe. Hasemi nami sana. Mimi mama mkwe bado namsalimia kwa magoti, kwa sababu nataka, na yeye anajua kwamba nataka.

Na zahanati wanakuja. Wiki ile ile baada ya kipaimara walifika bibi watatu, mmoja baada ya mwingine, wote wanalalamikia magoti. Wawili walikuwa wanaumwa kweli. Wa tatu nilimbonyeza kila mahali.

"Hapa panauma, bibi?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana."

"Sasa unaumwa nini?"

Akatazama mlango kama umefungwa vizuri, akarudi kunitazama mimi. "Wewe andika tu, mwanangu."

Nikavuta karatasi, kalamu karibu iitoboe, nikaandika. Kisha nikaenda kumwomba tabibu saini.